Mawe Madogo ya Katikati

Mazungumzo ya asubuhi kwa redio, yaliyoandikwa kwa ajili ya wasomaji wetu
Masomo: Yoshua 4:1-7, Kumbukumbu la Torati 6:10-12, Nehemia 3, 1 Petro 2:4-5

Popote ulipo asubuhi hii, iwe jikoni ukingoja chai ichemke, au njiani kwenda shambani, au kitandani kwa ugonjwa, karibu tukae pamoja kwa muda mfupi.

Katika kitabu cha Yoshua twasoma habari za mawe kumi na mawili yaliyotolewa katikati ya Mto Yordani na kusimamishwa kando yake. Sababu yenyewe ilikuwa nyepesi. Mungu alijua kwamba siku moja watoto wangepita pale, wangeyaona mawe, nao wangewauliza wazazi wao maana yake. Mzazi alitakiwa awe na jibu.

Basi leo nataka kuwauliza ninyi mnaokaa Migori na Homa Bay. Mtoto wako akikuuliza maana ya mawe yaliyopangwa juu ya vilima vyetu, utamjibu nini?

Maana sisi tukitaja magofu ya kale, mawazo yetu hukimbilia mbali. Twafikiri habari za Yeriko, na Roma, na Misri. Wahubiri wetu hueleza kuta za Yerusalemu kana kwamba wamezipima kwa mikono yao. Lakini ukitoka mjini Homa Bay, ukapita Rodi Kopany, ukaelekea Ndhiwa na kuendelea mpaka mpakani mwa Migori, utafika mahali penye kuta za kale ambazo dunia nzima imekubali kuziheshimu. Mahali hapo panaitwa Thimlich Ohinga, napo ni kama kilomita 46 kaskazini-magharibi ya mji wa Migori. Thimlich, wazee husema, ni msitu mnene wa kutisha. Ohinga ni boma kubwa lililozungushiwa ukuta. Yakiwa mengi huitwa ohingni.

Twende pamoja kwa mawazo, tutazame.

Mbele yako pana mteremko wa kilima, na miti, na ukuta wa mawe ya kijivu. Mahali pengine ukuta huo haumpiti mtu mzima kwa kimo; mahali pengine unafika mita 4 na zaidi. Unene wake ni kati ya mita moja na mita tatu. Boma lililo kubwa huitwa Kochieng, na karibu yake yapo mengine yaitwayo Kakuku, Koketch na Koluoch. Sehemu yote iliyohifadhiwa ni kama hekta 21.

Sogea karibu, uweke mkono wako juu ya mawe. Tafuta saruji, hutaiona. Tafuta chokaa au udongo wa kukandika, hutauona. Kuta hizi zimepangwa kavu, jiwe juu ya jiwe, wala mawe yenyewe hayakuchongwa yawe ya mraba kama matofali. Fundi aliliokota jiwe jinsi lilivyo, akaligeuza mkononi, akalitafutia mahali panapolifaa. Inaaminika kwamba kuta hizi zilijengwa katika karne ya 16. Yaani zimepigwa na mvua na jua kwa muda wa miaka mia nne au mia tano, nazo bado zimesimama.

Je, zimesimamaje bila saruji? Hapa ndipo penye somo letu la leo, nami nawaomba mlishike.

Wale mafundi hawakujenga ukuta mmoja. Walijenga uso wa nje kwa mawe makubwa, na uso wa ndani kwa mawe makubwa. Kisha katikati ya nyuso hizo mbili wakajaza mawe madogo. Mawe hayo madogo ndiyo yanayozishikamanisha nyuso mbili zisitengane. Mgeni anayepita hayaoni. Yeye husifu mawe makubwa ya nje, huyapiga picha, akaenda zake. Lakini yaondoe yale madogo ya katikati, na mawe makubwa yatakosa cha kuegemea.

Tuingie ndani sasa. Lango ni jembamba na fupi, na juu yake limelazwa jiwe refu kama linta. Huwezi kuingia kwa kifua mbele, lazima uiname. Lilifanywa hivyo makusudi. Mwizi wa ng'ombe hakuweza kuingia mbio na mkuki wake, maana alilazimika kuinama kwanza, na ndani kulikuwa na mlinzi. Ndani ya boma walikaa watu pamoja na mifugo yao, na kuta ndogo zilitenga mahali pa ndama, na kondoo, na mbuzi. Nje pana dalili za kazi ya chuma, na juu ya mwamba pana vishimo vya mchezo wa ajua, yaani bao. Kwa hiyo hapakuwa kambi ya askari tu. Palikuwa nyumbani. Watoto walizaliwa humo, nafaka ilisagwa humo, wazee waliamua mashauri humo, na usiku mama alilala akijua kwamba kati ya mtoto wake na fisi pana ukuta.

Ndugu zangu, ni nani waliozijenga kuta hizi?

Mahali pengi katika Afrika wageni walipokuta kazi kubwa ya mawe hawakutaka kuamini kwamba ni kazi ya Waafrika. Kule Zimbabwe Kuu, ambako kuta nazo zilipangwa kavu bila chokaa, kwa miaka mingi walisema ni kazi ya Wafoinike, au ya watu wa malkia wa Sheba. Mwaka wa 1929 mtaalamu mwanamke wa Kiingereza, Gertrude Caton-Thompson, alichimba pale akathibitisha kwamba ni kazi ya Waafrika wenyewe. Kuta zetu za Nyanza ya Kusini zilianza kuandikwa habari zake na wataalamu katika miaka ya 1960. Mmoja wao alikuwa Neville Chittick, aliyeandika mwaka wa 1965. Baadaye wataalamu wa Kenya waliendelea na kazi hiyo, nao wamehesabu maboma kama 521 katika mahali 138 pa upande huu wa ziwa.

Jibu lililopatikana linafaa kutunyamazisha kidogo. Yaonekana kwamba walioanza kuzijenga walikuwa watu wa lugha za Kibantu. Hao wakahama, wakaja wengine. Miongoni mwa waliokuja baadaye walikuwa Wajaluo, waliofika katika karne zilizofuata. Nao walipozikuta kuta hizi hawakuzibomoa kwa kusema, "Hizi si za babu zetu." Walihamia ndani. Palipoanguka jiwe, walilirudisha. Palipobomoka, walipajenga tena kwa namna ile ile waliyoikuta. Watu waliendelea kukaa Thimlich mpaka katika karne ya 20, wakati vita vya kunyang'anyana mifugo vilipopungua, na jamaa moja moja zilipotoka kwenda kuanzisha dala zao zenye ua wa miti ya ojuok.

Kwa hiyo mtu akisimama Thimlich leo akauliza, "Kuta hizi ni za nani?" tumjibu nini? Tukisema ni za Wabantu, tumewasahau waliozitengeneza kwa miaka mingi. Tukisema ni za Wajaluo, tumewasahau waliolaza mawe ya kwanza. Ukuta wenyewe haukubali kugawanywa. Jiwe la mjenzi wa kwanza limeshikwa na jiwe la mtengenezaji aliyekuja baadaye, na hakuna awezaye kupita akisema, hili ni la huyu na hili ni la yule.

Neno hili si hadithi ya kale kwetu. Katika Migori wanakaa Wajaluo, Wakuria, Wasuba, Waluhya, Wakisii, Wasomali na wengine. Katika Homa Bay, kule Mfangano na Rusinga na pwani ya ziwa, wako Wasuba, watu wa asili ya Kibantu, ambao wengi wao leo husema Kijaluo, na lugha ya babu zao imebaki midomoni mwa wachache. Tumeoana, tumezikana, tumechukua majina ya wenzetu. Hata hivyo kila unapofika wakati wa uchaguzi, au wakati wa kugawa kazi, au wakati mpaka wa shamba unapobishaniwa, husikika swali lile lile: nani mwenyeji hapa, na nani mgeni? Na swali hilo huingia hata kanisani. Husikika katika kuchagua wazee wa kanisa. Husikika katika kuamua ibada iwe kwa lugha gani. Nasi tunaotaja jina la Kristo, mara ngapi tumelijibu kama watu wasiomjua?

Tufungue Kumbukumbu la Torati, sura ya 6. Musa anawaambia Waisraeli kwamba watakaa katika miji mikubwa ambayo wao hawakuijenga, katika nyumba zilizojaa vitu vyema ambavyo wao hawakuvijaza, na kunywa maji ya visima ambavyo wao hawakuvichimba. Na baada ya hayo hakuwaambia wajisifu. Aliwaonya wajiangalie, wasije wakashiba na kumsahau Bwana. Mtu akaaye ndani ya ukuta asioujenga ana deni. Hana neno la kujivunia mbele ya mwenzake, maana yeye pia alipokea. Wahenga walisema, mgeni njoo mwenyeji apone. Lakini tukitafuta sana habari za nchi hii, huenda tukaona kwamba sote tulikuja, na kila mmoja wetu alimkuta mtu, au alilikuta jiwe la mtu.

Sasa niwapeleke mbali kidogo, mpaka kaskazini mwa Afrika, ili tuone jambo la pili.

Katika nchi ya Algeria, chini ya milima ya Aurès, yapo magofu ya mji uitwao Timgad. Ulianzishwa yapata mwaka wa 100 baada ya Kristo, kwa amri ya Kaisari Trajan, uwe makao ya askari wa Kirumi waliomaliza utumishi wao. Njia zake zilinyoshwa kama zilizopigwa kwa rula. Ulikuwa na soko, na jumba la michezo, na nyumba za kuogea, na hata maktaba. Mawe yake yalichongwa sawasawa na nguzo zake zilikuwa ndefu. Kando ya mji huo, milimani, walikaa wenyeji, Waberberi, ambao wao wenyewe hujiita Imazighen. Na wengi wao kwa muda waliingia katika miji ile, wakajifunza Kilatini, na wengine wakawa Wakristo.

Naam, Wakristo! Tusisahau kwamba Afrika ya Kaskazini ilikuwa na makanisa mengi kabla nchi nyingi za Ulaya hazijaisikia Injili. Huko Karthago, Perpetua na Felista waliuawa kwa ajili ya imani mwaka wa 203, na askofu Sipriani mwaka wa 258. Katika Afrika hiyo ya Kaskazini alizaliwa Agostino mwaka wa 354, ambaye maandiko yake yalimfundisha hata Martin Luther.

Lakini kanisa hilo lilipasuka. Baada ya mateso ya Kaisari Diocletian, yaliyoanza mwaka wa 303, palitokea ugomvi juu ya viongozi waliosemekana kuwapa watesi Maandiko Matakatifu ili yateketezwe. Upande mmoja ulisema kwamba hao na wote waliowekewa mikono nao hawafai tena. Upande wa pili ulikataa. Jambo hilo lingeweza kuponywa likiwa bado dogo. Badala yake kila upande uliweka maaskofu wake, hata mji mmoja ukawa na maaskofu wawili na makanisa mawili. Timgad ikawa ngome ya upande mmoja, walioitwa Wadonato, nao walijenga pale kanisa kubwa. Mwaka wa 411 viongozi waliitwa Karthago ili wapatane. Kila upande ulikuja na maaskofu karibu mia tatu. Fikiri, msikilizaji: maaskofu karibu mia sita katika mji mmoja, nao hawakutoka wakiwa ndugu. Upande mmoja ulipewa ushindi na serikali, na wa pili ukaadhibiwa kwa sheria.

Miaka kumi na tisa baadaye, mwaka wa 430, Agostino alikufa mjini Hippo huku Wavandali wameuzingira mji. Mwisho wa karne hiyo ya tano watu wa milima ya Aurès waliiteka Timgad na kuiharibu. Mwaka wa 539 majeshi ya Kaisari wa Konstantinopoli yalijenga ngome karibu na mji, nayo ilijengwa kwa mawe yaliyobomolewa katika majengo ya kale ya mji huo huo. Baadaye mji ukahamwa kabisa, mchanga ukaufunika. Msafiri wa Kiskoti, James Bruce, aliyaona magofu yake mwaka wa 1765, na kuanzia mwaka wa 1881 Wafaransa waliyafukua.

Sisemi kwamba Timgad ilianguka kwa sababu ya ugomvi wa kanisa peke yake. Palikuwa na vita, na utawala uliodhoofika, na mambo mengi. Lakini nasema hivi: siku ya taabu ilipowadia, iliwakuta Wakristo ambao kwa miaka mia moja walikuwa wakibomoana. Sote twajua neno la wahenga, kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Wale hawakuuziba ufa, na hata ukuta hawakuujenga tena.

Mahali hapa pawili, Timgad na Thimlich, pana mambo ya kutufundisha. Mmoja ulikuwa mji wa Kaisari, wenye nguzo na sanamu. Mwingine ulikuwa boma la wafugaji na wakulima karibu na ziwa, lisilotajwa na mfalme yeyote. Kule Timgad, waliokuja baadaye walitoa mawe katika majengo ya wa kwanza ili wajenge ngome yao. Huku Thimlich, waliokuja baadaye walirudisha mawe mahali pake. Hiyo ndiyo tofauti, nayo haikuwa ya mawe wala ya ufundi. Ilikuwa mikononi mwa watu waliorithi.

Nehemia aliijua siri hii. Soma sura ya 3 ya kitabu chake, ile ambayo wengi wetu huiruka kwa kuwa imejaa majina magumu. Humo utamkuta kila mtu akitengeneza sehemu ya ukuta iliyo karibu naye, wengine mbele ya nyumba yao wenyewe. Utamkuta mfua dhahabu na mtengenezaji wa manukato, watu ambao mikono yao haikuzoea mawe. Utamkuta Shalumu akifanya kazi pamoja na binti zake. Na katika mstari wa tano utawakuta wakuu wa Watekoa, ambao hawakutaka kuinamisha shingo zao kwa kazi ile. Biblia haikuandika sababu yao. Iliandika tu kwamba hawakuinama. Ndugu yangu, lango la Thimlich lingewashinda watu hao.

Sasa turudi kwa mawe madogo ya katikati, maana Petro anatuita sisi mawe yaliyo hai, tunaojengwa tuwe nyumba ya kiroho.

Kanisani mwetu twajua mawe ya nje. Twamjua mchungaji, na mwenyekiti, na mgeni wa heshima aliyekuja na gari na kutoa mchango mkubwa. Majina yao hutangazwa. Lakini nani hufagia kanisa Jumamosi? Nani humpelekea uji yule mama aliyelazwa? Nani aliyewanyamazisha ndugu wawili wasipelekane kortini kwa ajili ya mpaka, akakaa nao usiku kucha, na kesho yake hakumwambia mtu? Hayo ndiyo mawe madogo. Hayaonekani, nayo ndiyo yanayozuia nyuso mbili za ukuta zisiachane.

Hata Injili ilipofika upande huu wa ziwa ilikuwa hivyo. Mwaka wa 1906 misheni ya Waadventista ilianzishwa Gendia, karibu na Kendu Bay. Wengi hukumbuka jina la Mkanada Arthur Carscallen. Wachache hukumbuka kwamba pamoja naye alikuja Mwafrika, Peter Nyambo, mtu wa Nyasaland, nchi iitwayo Malawi leo. Hakuwa Mjaluo, wala hakuwa Mzungu. Alikuwa mgeni kwa pande zote mbili, naye alisimama katikati yao. Mawe makubwa yana majina. Lakini Bwana ayajua na yale ya katikati.

Ndugu zangu, kabla sijamaliza, nina neno la mkono, si la mdomo tu.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Thimlich Ohinga iliwekwa chini ya ulinzi wa sheria ya nchi. Mwaka wa 2000 iliandikwa miongoni mwa mahali pa kale duniani palipo hatarini. Mwaka wa 2018 UNESCO, shirika la Umoja wa Mataifa la elimu, sayansi na utamaduni, liliiandika katika orodha ya urithi wa dunia, ikawa mahali pa saba pa Kenya katika orodha hiyo. Timgad iliandikwa humo mwaka wa 1982. Hivyo boma la wafugaji wa Nyanza na mji wa Kaisari Trajan vimo katika daftari moja.

Lakini nimewaambia kwamba maboma yaliyohesabiwa ni kama 521. Mengi ya hayo hayana mlinzi wala kibao. Yamo katika mashamba yetu. Mti huota juu ya ukuta, mizizi ikapenya, mawe yakasukumwa. Mbuzi hupanda juu, jiwe likaporomoka. Na mtu anayejenga msingi wa nyumba huona mawe yaliyokwisha kukusanywa, akasema, "Haya hayana mwenyewe," akayabeba kwa mkokoteni. Simlaumu mtu maskini anayehitaji msingi. Lakini namwomba afikiri. Ukuta uliopona miaka mia nne waweza kumalizika kwa siku mbili za mkokoteni. Na mjukuu wake atakapouliza, hatakuwa na jiwe la kuuliza habari zake.

Basi nawaomba mambo matatu.

Kwanza, kama katika shamba lako au la jirani pana mawe ya ohinga, usiyaondoe. Wajulishe wazee, na chifu, na watu wa Makumbusho ya Taifa. Vijana wa kanisa waweza kufyeka kichaka kinachozunguka ukuta baada ya kushauriwa na wenye ujuzi, wasije wakang'oa mzizi wakaangusha na jiwe.

Pili, wapelekeni watoto wa shule ya Jumapili wakaone. Wainame langoni. Mwalimu awaonyeshe mahali ambapo nyuso mbili za ukuta zinaonekana, na mawe madogo katikati. Hapo tena hatahitaji mahubiri marefu juu ya Petro.

Tatu, na hili ndilo gumu. Tazama katika usharika wako ni wapi ambapo jiwe limeanguka. Huenda ni ndugu aliyeacha kuja kwa sababu aliambiwa neno la kabila. Huenda ni pande mbili za kamati zisizosalimiana tangu mwaka jana. Huenda ni wewe na ndugu yako wa tumbo moja, kwa ajili ya mpaka wa hatua tatu. Usingoje mtu mkubwa aje. Lile jiwe lililo mbele ya nyumba yako, linamngoja mkono wako. Liinue. Ligeuze mpaka uone linapoingia. Lirudishe.

Waliokaa Thimlich baada ya wajenzi hawakuacha jina la fundi hata mmoja limeandikwa ukutani. Waliacha ukuta umesimama. Na sisi tutaondoka, na wengine watakaa katika makanisa tusiyoyamaliza, na kunywa katika visima tulivyovichimba. Heri wakikuta kwamba hatukubeba mawe, bali tulirudisha.

Tuombe.

Ee Bwana, Mungu wa baba zetu, wa wale waliokuja kwanza na wa wale waliokuja baadaye, twakushukuru kwa kuta tusizozijenga na kwa neema tusiyoistahili. Utusamehe tulipojiita wenyeji na kuwafanya wenzetu wageni. Uwabariki watu wa Migori na wa Homa Bay, na wote wakaao kando ya ziwa. Utufundishe kuinama langoni. Utuweke mahali unapotaka, hata kama ni katikati pasipoonekana, mradi nyumba yako isimame. Kwa jina la Yesu Kristo, Jiwe Kuu la Pembeni. Amina.